Fizi Zilizovimba: Kujua Chanzo Kabla ya Kutafuta Dawa

Wengi wetu tukiona fizi zimevimba au zinatoka damu husema ni kiseyeye, tukasukutua kwa maji ya chumvi, tukasubiri. Mara nyingi uvimbe wenyewe hauumi, na kwa kuwa hauumi, miezi hupita. Sura hii inaeleza uvimbe wa fizi unatokana na nini, daktari wa meno anautambuaje, tiba zake ni zipi, na mtumiaji wa huduma za afya afanye nini ili asipoteze meno, fedha wala uhai.

Tuchukue mfano. Msichana wa miaka 17 anaishi Wingwi, Wilaya ya Micheweni. Ana kifafa tangu utotoni. Kwa mwaka mmoja sasa anameza vidonge vya fenitoini, na kifafa kimetulia: haanguki tena skuli wala kisimani. Lakini fizi zake za mbele zimekua hadi zimefunika karibu nusu ya meno. Anapocheka huvuta mtandio akafunika mdomo. Mama yake amesikia kwa jirani kwamba vidonge ndivyo vilivyoleta uvimbe huo, naye anafikiria kumwachisha dawa.

Mfano huu si habari ya mtu fulani, bali hali kama hiyo inaweza kuikuta nyumba yoyote yenye mgonjwa wa kifafa. Jirani hakukosea kuhusu chanzo. Hata hivyo, kuacha dawa ghafla kunaweza kumuua msichana huyo. Tutarudi kwake baada ya kueleza mambo yanayohitajika ili familia yake ifanye uamuzi ulio salama.

UFIZI WENYE AFYA

Ufizi wenye afya ni mgumu kiasi, umelikumbatia jino, na ukingo wake ni mwembamba. Kipande cha ufizi kilicho baina ya jino na jino huwa na umbo la pembetatu iliyochongoka. Ufizi wa namna hiyo hautoki damu mtu anapopiga mswaki au anapotafuna muwa.

Rangi yake hutofautiana. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana fizi za rangi ya kahawia au zenye mabaka meusi tangu kuzaliwa, na hilo si ugonjwa. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Tazama mambo matatu: je, ukingo wa ufizi umekuwa mnene na wa mviringo? Je, unatoka damu ukiguswa? Je, jino linaonekana fupi kuliko lilivyokuwa zamani? Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo ni sababu ya kutosha ya kwenda kuchunguzwa.

CHANZO KINACHOONGOZA: UKOGA

Ukoga ni utando laini wenye vijidudu unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa, hugeuka mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauwezi tena kuuondoa. Vijidudu vya ukoga huuchokoza ufizi, damu hukusanyika, na ufizi hufura, huwa laini na hutoka damu.

Jambo hili lilithibitishwa nchini Denmark mwaka 1965. Mtafiti Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Baina ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa wamepata ugonjwa wa fizi. Waliporudi kupiga mswaki, fizi zao zilipona kwa muda wa takriban wiki moja. Funzo lake ni jema: uvimbe unaotokana na ukoga, ukiwahiwa, huondoka kwa usafi tu bila dawa yoyote ya kununua.

Ukiachwa, uvimbe huo unaweza kugeuka ugonjwa unaokula mfupa unaoshikilia meno. Meno hulegea, na mfupa uliokwisha kuliwa hauwezi kurudi kwa kupiga mswaki.

DAWA ZINAZOKUZA FIZI

Ziko dawa muhimu ambazo, kwa baadhi ya watu, huufanya ufizi ukue kwa kuongeza nyama yake. Makundi makuu ni matatu.

1. Fenitoini, dawa ya kifafa. Ilianza kutumika mwaka 1938, na mwaka uliofuata tayari madaktari waliandika kuhusu fizi zinazokua kwa wanaoitumia. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya wanaoimeza kwa muda mrefu hupata hali hiyo kwa kiasi fulani.

2. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa nifedipini na, kwa watu wachache zaidi, amlodipini.

3. Siklosporini, ambayo hupewa hasa watu waliopandikizwa figo au kiungo kingine.

Kwa kawaida uvimbe huu huanza katika miezi michache ya mwanzo ya kutumia dawa. Huanzia kwenye vipande vya ufizi vilivyo baina ya meno, hasa meno ya mbele, kisha huungana na kulifunika jino. Huwa mgumu na hauumi, isipokuwa ukichanganyika na uchafu. Hapo huwa laini na hutoka damu. Pale ambapo jino lilikwisha kung'oka, ufizi kwa kawaida haukui.

Si kila anayemeza dawa hizi hupata uvimbe. Maumbile ya mtu yana sehemu yake, lakini sehemu kubwa ni ukoga: kadiri meno yanavyokuwa machafu, ndivyo ufizi unavyokua zaidi. Hivyo mgonjwa hana uwezo juu ya maumbile yake, na huenda hana uwezo wa kuiacha dawa, lakini ana uwezo juu ya ukoga.

ONYO: USIACHE DAWA KWA UAMUZI WAKO MWENYEWE. Mwenye kifafa akikatiza dawa ghafla, anaweza kupata kifafa kinachofuatana bila kukatika, na hali hiyo huua. Hata anguko moja laweza kuwa msiba: juu ya jiko la kuni, ndani ya ngalawa, au kando ya kisima. Vivyo hivyo, mwenye shinikizo la damu akiacha vidonge anaweza kupatwa na kiharusi bila dalili ya kumtahadharisha. Ufizi uliokua hutibika. Madhara hayo mengi hayarudi nyuma.

BALEHE NA UJAUZITO

Mabadiliko ya homoni wakati wa balehe na ujauzito huufanya ufizi uwe mwepesi kuchokozeka. Ukoga uleule ambao zamani haukuleta shida sasa huleta uvimbe na damu. Kwa mjamzito, dalili huanza mara nyingi mwezi wa pili au wa tatu. Baadhi ya wajawazito huota kinyama chekundu baina ya meno mawili, kinachotoka damu kwa urahisi. Kinyama hicho si saratani, na mara nyingi hupungua au kutoweka baada ya kujifungua.

Iko dhana kuwa mjamzito hapaswi kutibiwa meno. Dhana hiyo si sahihi. Kusafishwa meno ni salama, na kipindi kinachofaa zaidi kwa matibabu ya kawaida ni miezi mitatu ya katikati. Maumivu makali na usaha havisubiri: vitibiwe wakati wowote. Mjamzito amweleze daktari umri wa mimba yake kabla ya kupigwa picha au kupewa dawa yoyote.

MWILI UNAPOSEMA KUPITIA FIZI

Mara nyingine ufizi hauna kosa. Hutoa tu habari za ugonjwa ulio mahali pengine. Pwani yetu ina mfano wa kale. Mwanzoni mwa mwaka 1498, mabaharia wa Vasco da Gama walipofika pwani ya Msumbiji, wengi walivimba mikono na miguu, na fizi zao zilikua juu ya meno hata wasiweze kula. Hicho ndicho kiseyeye halisi: ugonjwa wa kukosa vitamini C kwa miezi mingi baharini. Walipofika Mombasa mwezi wa Aprili na kupata machungwa, wagonjwa walipata nafuu. Januari 1499, wakiwa njiani kurudi kwao, walipofika Malindi waliomba tena machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao.

Kiseyeye cha namna hiyo ni nadra kwa mtu anayekula matunda na mboga. Machungwa, maembe, mapera, mapapai na mboga za majani hutosha kukizuia. Kwa hiyo si sahihi kuita kila ufizi unaotoka damu kiseyeye na kununua vidonge vya vitamini dukani. Ikiwa chanzo ni ukoga au dawa, vidonge hivyo havitaondoa uvimbe.

Magonjwa mengine yanayojitokeza kwenye fizi ni haya:

- Kisukari kisichodhibitiwa: majipu ya fizi yanayojirudia, meno kulegea, kiu na kukojoa mara kwa mara.

- Saratani ya damu: fizi hufura kwa haraka na hutoka damu bila kuguswa. Mgonjwa huwa na homa, uchovu, weupe usio wa kawaida na michubuko isiyo na sababu. Ufizi wa mgonjwa wa namna hii usikatwe kabla ya damu kupimwa.

- Saratani ya kinywa: kidonda au uvimbe wa upande mmoja usiopona kwa zaidi ya wiki mbili. Hatari ni kubwa zaidi kwa wavutaji wa sigara, watumiaji wa ugoro, na watafunao tambuu yenye popoo na tumbaku. Fahamu pia kuwa kwa mvutaji sigara damu ya fizi hupungua. Ufizi huonekana mzima hali mfupa chini yake unaliwa.

FIZI ZA WATOTO

Mtoto mchanga anapokaribia kuota meno, ufizi wake hufura na huenda ukaonekana mweupe. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania na Afrika Mashariki kuna imani kuwa uvimbe huo ni "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni" yanayosababisha homa na kuharisha, na kwamba yatolewe kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli. Kinachotolewa huwa ni chembe ya jino la mtoto, mara nyingi chonge, ambalo bado halijakomaa. Watoto wamevuja damu, wamepata pepopunda na maambukizi ya damu, na wengine wamekufa. Waliopona huenda wakakosa meno au wakaota meno yaliyoharibika. Mtoto mwenye homa na kuharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari yanayotolewa kituo cha afya, pamoja na uchunguzi wa haraka. Asikatwe ufizi.

Uvimbe mwingine wa mtoto unaotaka haraka ni ule wa taya. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alianza kuchunguza watoto waliovimba mataya, magego yao yakilegea bila kuoza. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya saratani ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Huonekana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi, na hukua kwa kasi kubwa sana. Habari njema ni kuwa inasikia dawa, hasa ikiwahiwa. Mtoto ambaye taya lake linavimba na magego yanalegea kwa siku au wiki chache apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asipelekwe kwanza kung'olewa jino.

DAKTARI WA MENO HUTAMBUAJE CHANZO

Uchunguzi mzuri hauhitaji mitambo mingi. Unaanza kwa maswali, kisha macho na mkono.

Kwanza, historia. Daktari atauliza uvimbe ulianza lini, unameza dawa gani, una ugonjwa gani mwingine, na kama una mimba. Ili kumsaidia, chukua dawa zako zote pamoja na maboksi yake. Usiseme tu "nameza vidonge vyeupe." Kama dawa ya hospitali inachanganywa na dawa ya miti, sema pia; huulizwi ili ulaumiwe.

Pili, kutazama na kupima. Daktari huingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita baina ya ufizi na jino. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kina kinachozidi hapo kina maana mbili: ama ufizi umepanda juu na kufanya mfuko wa uongo, ama mfupa umeliwa chini. Picha ya eksirei huonyesha ni ipi kati ya hizo mbili.

Tatu, kupanga daraja. Daraja la kwanza ni uvimbe ulio baina ya meno tu. La pili, uvimbe umefika kwenye ukingo wote wa ufizi. La tatu, ufizi umefunika robo tatu ya jino au zaidi. Muulize daktari daraja lako na uliandike. Ndilo litakalokuonyesha baadaye kama tiba inafaa.

Nne, vipimo vya ziada pale tu vinapohitajika: kipimo cha damu, cha sukari, au kipande kidogo cha nyama kupelekwa maabara ikiwa uvimbe una sura ya kutia shaka.

TIBA NA UTARATIBU WAKE

Tiba hupanda ngazi kwa ngazi. Mtumiaji ajihadhari na yeyote anayetaka kukata ufizi siku ya kwanza bila kuuliza habari za dawa.

Ngazi ya kwanza ni kusafisha. Daktari au msaidizi wake huondoa ukoga uliogeuka mgumu, juu na chini ya ufizi, na kukufundisha usafi wa nyumbani. Hurudi kukutazama baada ya wiki kadhaa. Kwa wagonjwa wengi uvimbe hupungua sana kwa hatua hii peke yake.

Ngazi ya pili ni kuitazama dawa. Daktari wa meno humwandikia daktari aliyekupa dawa ya kifafa au ya shinikizo la damu. Huyo wa pili ndiye mwenye kuamua. Zipo dawa nyingine za kifafa, na dawa nyingi za shinikizo la damu, ambazo kwa kawaida hazikuzi fizi. Mabadiliko hufanywa polepole: dawa mpya huingizwa huku ya zamani ikipunguzwa. Nafuu ya ufizi huweza kuonekana baada ya wiki chache. Wakati mwingine dawa haiwezi kubadilishwa kwa sababu ndiyo pekee inayomfaa mgonjwa. Hapo usafi na ufuatiliaji huwa ndiyo tegemeo.

Ngazi ya tatu ni upasuaji mdogo. Ufizi uliozidi hukatwa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kidonda huuma kwa siku chache. Ikiwa dawa ni ileile na meno hayasafishwi, ufizi unaweza kukua tena. Upasuaji bila usafi ni fedha iliyotupwa.

USAFI WA NYUMBANI

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na usikose kabla ya kulala. Tumia mswaki laini, na uelekeze nywele zake pale ufizi unapokutana na jino.

2. Tumia dawa ya meno yenye floridi. Soma tyubu: tarehe ya mwisho wa matumizi iwe bado, na maandishi yawe yanasomeka.

3. Badilisha mswaki kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi nywele zikitawanyika. Kila mtu awe na wake.

4. Safisha baina ya meno kwa uzi wa meno au kibrashi kidogo. Usitumie pini wala njiti ya kibiriti.

5. Ufizi ukitoka damu, usiache kupiga mswaki. Punguza nguvu, endelea. Damu yenyewe ni dalili kuwa hapo panahitaji kusafishwa.

6. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, hutuliza ufizi. Hayaondoi ukoga.

7. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini husaidia kwa muda, lakini ikitumiwa kwa wiki nyingi hutia meno madoa. Itumie kwa maelekezo ya daktari.

Mswaki wa mti, ambao wengi wetu huutumia hasa wakati wa Ramadhani, ni chombo kizuri ukitumiwa vyema. Kata ncha iliyochakaa kila siku, utafune ncha mpya mpaka iwe nyuzi laini, kisha sugua kila jino kwa nje na kwa ndani. Usikwangue ufizi. Ni vizuri pia kutumia dawa ya meno yenye floridi angalau usiku.

Karafuu ni fahari ya Pemba, na mafuta yake hutuliza kweli maumivu ya jino. Lakini mafuta hayo yasiyochanganywa huunguza ufizi na kuacha kidonda. Usiyapake kwenye ufizi uliovimba, na kamwe usimpake mtoto mchanga. Tena kumbuka: kutuliza maumivu si kuondoa chanzo. Jipu la jino lililotulizwa kwa karafuu huendelea kukua ndani.

MAHALI PA KWENDA

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Uliza kabla ya safari siku ambazo huduma ya meno hutolewa, usije ukatumia nauli bure. Kutoka Wingwi, hatua inayofuata ni Hospitali ya Micheweni. Na kwa tatizo kubwa zaidi, hospitali za Wete na Chake Chake, au Abdulla Mzee iliyopo Mkoani. Anayehitaji bingwa anaweza kupewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Barua hiyo ichukuliwe pamoja na picha na majibu yote ya vipimo, ili usilipie jambo lilelile mara mbili.

HAKI NA WAJIBU WA MTUMIAJI

Una haki ya kuelezwa ugonjwa wako kwa lugha unayoielewa. Kujua gharama kabla ya tiba na kupewa risiti. Kuona vifaa vilivyochemshwa au kusafishwa kitaalamu na glavu mpya. Na kukataa tiba usiyoielewa. Mtu asiyekuwa na taaluma asikutibu meno, hata kama bei yake ni nafuu na anakufuata nyumbani.

Una wajibu wa kueleza dawa zote unazotumia, kurudi siku uliyopangiwa, na kuripoti madhara ya dawa. Ukidhani dawa imekudhuru, au umeuziwa dawa iliyopitwa na wakati au usiyoiamini, ihifadhi pamoja na boksi lake, kisha mweleze mhudumu wa afya au utoe taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Maswali ya kumwuliza daktari wa meno:

- Uvimbe huu unatokana na nini, na umejuaje?
- Je, dawa ninayomeza inahusika? Utamwandikia daktari wangu?
- Tunaanza na hatua gani, na itagharimu kiasi gani?
- Nirudi lini, na dalili gani zinirudishe kabla ya siku hiyo?

DALILI ZISIZOSUBIRI

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya: uvimbe wa uso au shingo pamoja na homa, shida ya kumeza, kupumua au kufungua mdomo, damu ya fizi isiyokatika, uvimbe wa taya la mtoto unaokua haraka, au ufizi wa mtoto dhaifu unaogeuka mweusi na kunuka.

HITIMISHO

Turudi kwa msichana wetu wa Wingwi. Njia iliyo salama kwake ni hii. Leo anameza kidonge chake kama kawaida, na usiku anapiga mswaki kwa dakika mbili hata kama damu inatoka. Wiki hii mama yake anampeleka kituo cha afya, wakichukua maboksi ya dawa. Daktari wa meno anamsafisha, anaandika daraja la uvimbe, na anamwandikia daktari wa kifafa. Huyo ndiye atakayesema kama dawa ibadilishwe, na kwa utaratibu gani. Baada ya wiki kadhaa wanarudi kupima. Ikiwa ufizi bado umefunika meno, upo upasuaji mdogo.

Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayomtaka achague baina ya kifafa na meno yake. Anaweza kutulia asianguke, na anaweza kucheka bila mtandio. Ewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mtu mwenye fizi za namna hiyo, msomee ukurasa huu, kisha mkusanye dawa zake zote katika mkoba mmoja. Safari yenu ya kwenda kutibiwa inaanzia hapo.